Ati Kama Si ya Mkono Si Sanaa?

Wacha niseme mapema, ndio kama ni kukasirika ukasirike tukiwa bado hapa juu: sehemu kubwa ya kazi zangu nashona kwa cherehani. Ya stima. Na bado naziita sanaa, na bado nitakuuzia kwa bei ya sanaa.

Kwa wageni wa hapa, mi nashona kwilti. Ni kitu cha tabaka tatu: juu kuna vipande vya vitambaa vilivyounganishwa, katikati kuna kitu laini cha kujaza (mi hutumia blanketi nyembamba za mitumba), chini kuna kitambaa cha mgongo, halafu mishono inapita tabaka zote tatu kuzishika pamoja. Kamusi inaiita mfarishi. Sijawahi kusikia mtu Kayole akisema mfarishi, kwa hivyo tuendelee na kwilti. Zangu hazitandikwi kitandani. Zinatundikwa ukutani kama picha: sura za watu, steji za matatu, mama mboga na mwavuli wake.

Sasa, kila nikitoa kazi mpya, swali la kwanza si "huyu ni nani?" wala "mbona umempa uso wa kijani?" Swali ni, "Umeshona na mkono?" Ukisema ndiyo, mtu anaguna kwa heshima, anasogea, anagusa. Ukisema cherehani, anarudi nyuma kama msee aliyeagiza chapati akaletewa mkate. "Aah, kumbe ni mashine."

Hiyo "kumbe" imebeba vitu viwili. Moja, kwamba mashine imenifanyia kazi mimi nikiwa nimekaa nakunywa chai. Mbili, kwamba mkono ndiyo njia ya kweli, ya zamani, ya mababu, na mashine ni ujanja wa juzi. Nimezikataa zote mbili, na sababu yenyewe si ati nataka kubishana tu. Ile ya pili inatugharimu pesa, na inatufundisha kudanganya.

Tuanze na mababu basi, kwa sababu watu wanawapenda wakiwa wamekufa.

Kuna mama aliitwa Harriet Powers. Alizaliwa 1837 Georgia, Marekani, akiwa mtumwa. Baada ya utumwa kuisha alikuwa mkulima wa kawaida, na alishona. Kwilti zake mbili tu ndizo zimebaki duniani, moja iko Smithsonian kule Washington, nyingine iko kwenye Museum of Fine Arts ya Boston. Ukiziangalia utashtuka. Ni hadithi zimekatwa kwa kitambaa: Adamu na Hawa, Yona na samaki, na ile ya Boston imeweka hadi usiku wa 1833 ambapo vimondo vilianguka watu wakadhani ndiyo mwisho wa dunia. Kuna hata nguruwe anaitwa Betts, ambaye inasemekana alikimbia maili 500 kutoka Georgia hadi Virginia. Mi nampenda huyo nguruwe kuliko watu wengi ninaowajua.

Watu wakitaka kukuonyesha kwilti yenye roho, wanakuonyesha Harriet Powers. Na kwilti zake zimeshonwa kwa mkono NA kwa mashine. Zote mbili, kwenye kitambaa kimoja. Mama aliyezaliwa bila haki ya kumiliki hata sindano, alipopata nafasi ya kutumia cherehani, aliitumia. Hakuna aliyemwambia amepoteza roho.

Na haikuwa kitu cha juzi hata wakati huo. Elias Howe alipata hataza ya mashine yake 1846, Isaac Singer akapata yake 1851, na miaka ya 1850 hiyo hiyo kampuni ya Singer ikaanza kuuzia watu kwa malipo ya polepole, kitu kidogo kila mwezi. Lipa mdogo mdogo, wasee! Hiyo biashara ya simu na pikipiki mnayoona kila kona ya mtaa, cherehani ilikuwa huko zaidi ya miaka 160 iliyopita. Kwa hivyo ukiniambia mashine si ya kizamani, nitakuuliza unataka zamani gani.

Ngoja nirudi kwa Harriet kidogo, maana kuna kitu kuhusu pesa. 1886 alipeleka ile kwilti ya Biblia kwenye maonyesho ya pamba huko Athens, Georgia. Mwalimu mmoja wa sanaa akaiona, akataka kuinunua. Harriet akakataa, haikuwa ya kuuza kwa bei yoyote. Miaka michache baadaye maisha yakabana. Akarudi, akaomba dola 10. Akapewa 5. Mumewe ndiye alimwambia achukue. Na baadaye alikuwa anaenda nyumbani kwa yule mnunuzi kuitembelea kwilti yake, kama mtu anayeenda kuona mtoto. Hiyo stori huwa inanikaa kifuani. Kila mtu anaongea juu ya mishono yake, na hakuna anayeuliza kwa nini ilikuwa dola 5.

Sasa turuke miaka mia moja, tubaki Marekani kwa sababu huko ndiko huu ugomvi umepiganwa hadharani. Kuna mji mdogo Kentucky unaitwa Paducah, ambapo kila mwaka wanafanya mashindano makubwa ya kwilti. Kwa muda mrefu waamuzi na washonaji walikuwa wanaona mashine ni sawa kuunganisha vipande vya juu, lakini ile mishono ya kupita tabaka tatu, ile inayoonekana, lazima iwe ya mkono. Halafu 1989 zawadi kubwa ikaenda kwa kwilti ya Caryl Bryer Fallert, mama aliyekuwa mhudumu wa ndege, inaitwa Corona II: The Solar Eclipse. Jua limefunikwa na mwezi, rangi zinalipuka kutoka katikati. Na mishono yake yote ya juu ni ya mashine. Ilikuwa mara ya kwanza kwilti kama hiyo kushinda pale, na si kila mtu alifurahi.

Mwaka huo huo 1989 Wangari Maathai alikuwa hapa Nairobi anapigania Uhuru Park isijengwe ghorofa. Namtaja si kwa bahati mbaya. Machi 2020 jarida la TIME lilitoa mfululizo wa wanawake 100, mmoja kwa kila mwaka wa karne nzima. Mwaka wa 2001 wakampa Wangari. Na picha yake ya jalada si foto wala rangi ya brashi. Ni kwilti. Aliishona Bisa Butler, msanii wa New Jersey ambaye baba yake ni wa Ghana. Tafuta hiyo picha leo kama hujawahi kuiona. Huyu Bisa alisomea uchoraji, akafundisha sanaa shule ya upili miaka mingi, na kwilti yake ya kwanza ya sura za watu ilikuwa ya babu na nyanya yake. Ngozi za watu wake hazina rangi ya ngozi: ni zambarau, ni machungwa, ni buluu, zimejengwa kwa tabaka juu ya tabaka za vitambaa, vitenge na kente na hariri.

Na anatumia mashine. Tena ile kubwa, ambayo kwilti inatandazwa kwenye fremu, halafu kichwa cha mashine kinasukumwa juu yake kwa mikono kama unavyosukuma pasi.

Kwa hivyo yule mama wetu, aliyetufanya tujue jina la kila mti, ameshonwa kwa mashine, na sijaona Mkenya hata mmoja akisema "kumbe."

Haya, tuingie kwa kazi yenyewe, maana hapa ndipo nafurahia. Watu wengi hawajui cherehani inafanya nini.

Ukishona nguo ya kawaida, chini ya ule mguu wa mashine kuna meno madogo ya chuma yanavuta kitambaa mbele, polepole, mstari ulionyooka. Ukitaka kuchora, unayashusha hayo meno, ama unayafunika. Sasa mashine imebaki na kazi moja tu: sindano kupanda na kushuka. Haiendi popote. Ni wewe, kwa mikono yako miwili, unasukuma kitambaa chini ya sindano, huku mguu ukiamua kasi. Ukisukuma haraka sana mishono inakuwa mirefu kama hatua za mtu aliyechelewa matatu. Ukisita, uzi unajikusanya pahali pamoja unakuwa kifundo. Kuchora kope ya jicho hivyo, bila kutetemeka, ilinichukua miezi kujifunza. Fundi ninayekaa naye kwenye kibanda, mzee ameshona suti tangu kabla nizaliwe, alijaribu akatoa kitu kama ramani ya barabara za Githurai, akacheka akaniambia, "Kijana, hii shetani yako endelea nayo mwenyewe."

Na nyuzi zote zilizobaki zikining'inia mwisho wa kila mstari? Unazigeuza nyuma, unazifunga, unazificha ndani ya tabaka kwa sindano ya mkono. Moja moja. Kwenye sura moja zinaweza kufika mia tatu. Mashine haina habari.

Sasa tofauti ya kweli, ile wanunuzi hawaulizi, iko kwenye mstari. Mashine ina nyuzi mbili, ya juu na ya bobini ya chini, zinafungana katikati ya kitambaa. Kwa hivyo unapata mstari ambao haukatiki. Ni kama bairo. Mkono una uzi mmoja unaoingia na kutoka, unaingia na kutoka, kwa hivyo unaona alama, nafasi, alama, nafasi. Mstari wa mkono unapumua. Kitambaa kinabaki laini, kinafura kidogo kando ya kila mshono, na mwanga wa pembeni ukipita unaona vivuli vidogo. Mashine ukiijaza sana kwilti inakuwa ngumu kama kadibodi. Kwa blanketi hiyo ni mbaya, hakuna mtu anataka kulala chini ya kadibodi. Kwa kitu cha ukutani inaweza kuwa nzuri, haining'inii kama gunia baada ya miezi sita.

Halafu kuna kitambaa chenyewe. Kitenge kimefumwa kwa kubana, kina wanga juu, na kabla hujakifua sindano ya mkono inakataa kabisa. Kidole changu cha kati kina shimo la kudumu. Jinzi za mitumba ni noma zaidi, hasa pale mshono unapokutana na mshono, hapo weka sindano namba 16 kwenye mashine na usali. Lakini leso? Leso ni nyembamba, imezeeka vizuri, mkono unapita kama kisu kwa siagi. Nikiwa na leso kuukuu siioni sababu ya kuwasha stima.

Kwa hivyo mi huchagua hivi. Nikitaka nywele, mishipa ya mkono, moshi, maandishi ya nyuma ya matatu, waya za stima zilizojisokota juu ya mtaa: mashine, kwa sababu hivyo vitu ni mstari mmoja mrefu usiokatika. Nikitaka kitu kiwe kimya, shavu la mtu mzee, ukuta wa udongo, ukungu wa Limuru asubuhi: mkono. Kuunganisha vipande vya chini ambavyo hakuna mtu ataviona: mashine, bila hata kufikiria. Maisha ni mafupi.

Na wale wanaosema mkono ndio wa Kiafrika, wacha niwaulize, mmeingia lini kwa duka la fundi wa vitenge? Cherehani nyeusi ya kukanyaga iko hapa tangu enzi za babu zetu. Imeshona yunifomu za shule, magauni ya harusi, mashuka ya mazishi. Kuna mathe wengi wamesomesha watoto chuo kwa hiyo mashine. (Wangu pia. Nikaacha mwaka wa pili. Mathe, kama unasoma hii, ndiyo, bado najua chuo kiko wapi.) Hiyo chuma imekaa kwetu muda mrefu kuliko demokrasia ya vyama vingi, na bado mtu anaiita ya kigeni.

Lakini kuna vitu ambavyo mkono ndiyo kitu chenyewe, na hapo sibishani. Chukua kofia ya vito ya Lamu. Zile vishimo ndogo ndogo zilizozungushiwa uzi, safu kwa safu, mchoro unatokea kwenye nyeupe juu ya nyeupe. Moja inaweza kula miezi ya mtu. Kuna kofia za mashine zinauzwa kando yake kwa bei ya chai na mahamri, na kwa mbali unaeza kudanganyika. Anayevaa ile ya mkono amevaa miezi ya mtu kichwani, na anajua, na wenzake msikitini wanajua. Hapo ukiweka mashine umeondoa sababu ya kofia. Sawa kabisa. Tofauti na kwilti yangu ya steji ya matatu ni kwamba pale muda ndio ujumbe. Kwangu ujumbe ni ile kelele, na kelele mashine inaijua vizuri.

Basi, doo.

Tuchukue kwilti ya mita moja kwa mita moja na nusu, saizi ninayouza sana. Nikipitisha mistari iliyonyooka kila sentimita mbili, hiyo ni mistari kama 75 ya mita moja moja. Kwa mkono mi hutumia kama dakika 12 kwa mita, mgongo ukiwa mzima. Hiyo ni dakika 900. Saa 15. Kwa mashine, pamoja na kugeuza na kufunga nyuzi, ni kama saa 3. Nikijilipa shilingi 150 kwa saa, ambayo si kitu cha kujivunia, mkono unaongeza shilingi 1,800 kwenye hiyo kazi moja tu ya mistari. Hatujahesabu kuchora, kukata, kupanga rangi, kushona sura.

Yule anayeguna kwa heshima akisikia "mkono," muulize kama ataongeza hiyo 1,800. Utasikia kimya. Anataka saa zako 15, hataki kuzilipia. Anataka kusikia kwamba uliumia. Hiyo ndiyo inanikasirisha kuliko "kumbe" yote. Tumefanya mateso yawe alama ya ubora, halafu mateso yenyewe tunayataka bure. Dola 5 za Harriet zilikuwa hivyo hivyo.

Na ndio maana watu wanadanganya. Nyi mnajua, msijifanye. Unaingia soko la vitu vya watalii, unaona kitambaa kimeshonwa na mashine waziwazi, mishono imefungana kama ya kiwandani, na muuzaji anaapa ni mkono wa nyanya yake. Simlaumu sana. Amejifunza ni neno gani linalofungua pochi.

Mwaka jana kuna mteja, sitamtaja, alitaka vipande sita vya kutundika kwenye vyumba vya wageni. Oda kubwa kuliko zote nilizowahi kupata. Tukaelewana rangi, tukaelewana saizi, hata malipo ya kwanza tukaelewana. Halafu akaniambia kila kipande kitakuwa na kijikaratasi chini yake: "Kazi ya mkono ya akina mama wa kijijini." Nikadhani ni mzaha. Mimi ni kijana wa miaka 22, nina rasta, nakaa Kayole, nimeshona hivyo vitu juu ya barabara yenye baa mbili na kanisa moja. Nikamwambia naweza kuandika ukweli: kimeshonwa Nairobi, kwa cherehani, macho na mikono kwa sindano ya mkono. Akasema, kwa upole kabisa, wageni hawapendi kusoma neno cherehani.

Nikamwambia basi kijikaratasi hicho sitaki. Akachukua viwili badala ya sita.

Vinne vilivyobaki bado viko nyumbani, kimoja kiko juu ya kitanda changu. Kodi ya miezi miwili iliyofuata niliilipa kwa kushona mapazia. Sisemi hivi nipigiwe makofi, kuna siku nikiwa na njaa ningeweza kukubali na ningeelewa kwa nini. Ninachotaka mwone ni kile alichokuwa ananunua. Alikuwa ananunua mama wa kijijini, maskini, mvumilivu, asiye na mashine. Kwilti ilikuwa ni bahasha tu. Na huyo mama wa kijijini wa kweli, kama yuko, pengine ana cherehani na anaombea stima isipotee. Kijikaratasi kinamfungia kwenye umaskini ndio kitu kiuzike.

Kabla hamjasema napendelea, nina neno na watu wa mashine pia. Kuna uvivu unatoka huko. Kwa sababu mashine inaweza kujaza kila sentimita, mtu anajaza kila sentimita. Mizunguko, mizunguko, mizunguko, hadi sura ya mtu inapotea kama imefunikwa na tambi. Kama hujui kwa nini mstari uko pale, usiuweke kwa sababu tu ni rahisi. Na kuna hizi mashine za kompyuta za kudarizi, unapakua ua la mtu mwingine, unabonyeza, unaenda kula, unarudi, ua liko tayari. Sina shida na mashine. Shida yangu ni ukiniambia ulichora hilo ua. Kwenye ile ya kushusha meno, mkono wako uko ndani ya kila milimita, na ukitetemeka inaonekana. Kwenye ile ya kubonyeza, swali ni nani alichora, na kama si wewe, mtaje.

Wengine mtaniuliza, sasa mnunuzi atajuaje? Geuza kwilti. Huku mbele tunaweza kukuchanganya, lakini nyuma haijui kuongopa. Mshono wa mashine nyuma unafanana na wa mbele, mstari mmoja usiokatika. Wa mkono nyuma una nafasi, na haziko sawa, moja ndefu, moja fupi, pale msee alipochoka utaona alichoka. Ukiona mbele kuna alama na nafasi lakini nyuma mstari umejaa, hapo kuna mashine inayoigiza mkono, nazo ziko. Msanii akikukataza kugeuza, weka pesa mfukoni uende ule.

Na ukiamua kununua, usiulize kama ni ya mkono. Uliza ilichukua saa ngapi, na uliza ni wapi mkono na ni wapi mashine. Mtu aliyeshona mwenyewe ataongea hadi umchoke. Mi nitakuonyesha hadi mahali nilipokosea rangi nikaamua kuiacha.

Mimi siku hizi naandika nyuma ya kila kazi kwa kalamu ya kitambaa: mwaka, saa, sehemu ya mkono, sehemu ya mashine. Bei inatoka hapo. Kuna watu wamesoma wakarudisha, na kuna mama mmoja alisoma saa 41 akaniangalia, akaniuliza, "Na ulikula saa ngapi, mwanangu?" Akalipa bila kupunguza hata shilingi.

Saa hii kuna moja iko mezani. Ni steji jioni, watu wamejibanza chini ya bati la kibanda wakingoja mvua ipungue. Matatu, maandishi yake, nyaya na bati nimemaliza kwa mashine wikendi iliyopita. Mvua nimeiacha. Nilijaribu kipande kidogo pembeni kwa mashine ikatoka kama fito za chuma, kama watu wako jela. Mvua ya kweli inakatika katika, unaiona hapa, huioni pale, unaiona tena kwenye taa ya gari. Kwa hivyo ni mkono, uzi wa kijivu, mistari kama mia mbili ya urefu wa mkono wangu. Nimefika wa 60. Kidole kinauma, na stima imepotea tangu saa moja, lakini kwa hii sehemu siihitaji, nimewasha tochi ya simu.